Pasta Ameitwa Grenada: Mwongozo kwa Mama na Watoto

Mama mwenzangu, kama mumeo ameitwa kuchunga kanisa Grenada, najua hali ilivyo nyumbani kwako sasa hivi. Pasta amefunga anaomba, wazee wa kanisa wanapanga ibada ya kuwaaga, na kila unayekutana naye sokoni anakuuliza hicho kisiwa kiko wapi. Mjibu kwamba kiko Karibiani, karibu na mwisho wa ule mstari wa visiwa upande wa kusini, jirani na Trinidad na Venezuela. Grenada yenyewe ukijumlisha na visiwa vyake vidogo vya Carriacou na Petite Martinique ni kilomita za mraba 344, haifiki mara mbili ya jiji la Kampala. Walipata uhuru tarehe 7 Februari 1974. Wanaongea Kiingereza, wanaendesha magari upande wa kushoto kama sisi, na wengi wao ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani.

Sisi tumemaliza zamu yetu ya uchungaji huko Grenada, tumerudi Busia upande wa Uganda, na tangu turudi wake wa wachungaji hawaishi kunipigia. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote.

Haya hayamhusu sana pasta. Pasta akishuka kwenye ndege anakuta kazi inamngoja. Mimbari ipo, ofisi ina funguo zake, mashemasi wamekuja kumpokea na gari. Wewe na watoto ndio mtakaofika bila kazi, bila shule, bila jirani, bila hata kujua sukari inauzwa wapi. Panga safari kuanzia jikoni na darasani. Ya mimbarini yatajipanga. Familia nilizoziona zikirudi kabla ya wakati, hakuna iliyorudishwa na mahubiri mabaya.

Makaratasi yamalizike Uganda

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe vya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu. Kadi ya kliniki na cheti cha kubarikiwa mtoto havitakusaidia. Cheti cha ndoa nacho kina mtego wake: kama mlifungishwa kanisani, ulizeni kama kanisa lilipeleka nakala URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Makanisa yetu ya kilokole yanajua sana kupamba harusi, lakini karatasi hubaki kwenye droo ya katibu. Nakala ikishathibitishwa URSB, ipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje igongwe muhuri. Cheti cha tabia njema cha Interpol kichukueni mwishoni, maana ofisi za nje hupenda kilicho kipya.

Kadi ya njano ni lazima, kwa sababu Uganda imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kadi yenyewe siku hizi haiishi muda, hivyo itunzeni pamoja na pasipoti, mtaihitaji tena.

Tiketi ndiyo hupeperusha pesa za watu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Njia nyingi hupita London, Miami, New York au Toronto, na hapo kuna jambo la viza ya kupita. Marekani hairuhusu abiria wa pasipoti yetu kupita uwanjani kwao bila viza, hata kama hutoki nje ya mlango. Uingereza nao wanadai viza ya kupita kwa Mganda. Kabla hujamlipa wakala, mwambie akuonyeshe njia nzima, uwanja kwa uwanja, na useme kwa kila uwanja utapita kwa karatasi gani. Tiketi iliyo rahisi kupita zote ina sababu ya kuwa rahisi.

Halafu kuna barua ya kuandikia kanisa linalowapokea. Wachungaji wetu wanaona haya kuuliza mambo ya pesa, wanasema Bwana atatoa. Bwana hutoa, ila kamati ya fedha ya kanisa hutoa kile kilichoandikwa. Andika wewe, kwa heshima, pasta atie sahihi. Nyumba ni ya kanisa au ya kupanga? Ina tangi la maji? Ada za shule analipa nani? Matibabu je? Tiketi za kurudi kwa likizo zipo? Familia itafikaje kanisani Jumapili? Na swali ambalo mimi naliweka juu ya yote: kibali wanachomwombea pasta kinamfunika mke pia, au mke atakaa tu? Asiye raia wa nchi za CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibiani, anahitaji kibali cha kazi. Ikiwa wewe ni nesi au mwalimu na umezoea mshahara wako mwenyewe, ni afadhali ulijue jibu ukiwa bado na kazi yako hapa.

Cha kubeba na cha kuacha

Pasi yako na blenda yako beba. Grenada umeme ni volti 230 na soketi ni ya miguu mitatu ya bapa kama yetu. Barbados, Jamaica na Trinidad mambo ni mengine, volti 110 hivi na plagi za miguu miwili myembamba, kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu aliyeishi huko ukadhani visiwa vyote ni kimoja.

Nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi iache, hata kaptula ya mtoto, hata begi. Sheria ya Grenada inakataza raia kuvaa rangi hizo. Kwetu tunalijua hilo vizuri, lakini mitumba ya watoto imejaa nguo za namna hiyo, kagueni masanduku.

Gomesi, lile vazi letu la heshima, beba moja nzuri, na vitenge vya kutosha. Mwiko wa posho, yaani ugali, beba. Sufuria za aluminiamu zinavumilia hewa ya chumvi. Vyuma vitapata kutu ukiviangalia. Usibebe mbegu, maharage ya kupanda, wala viazi vya kuotesha. Kisiwa kinachouza kungumanga na kakao hakitaki wadudu wa ng'ambo, na watu wa forodha hawana mchezo na hilo. Kungumanga kwao ni kitu kikubwa, wameiweka hadi kwenye bendera ya taifa.

Jikoni

Hapa ndipo utapata nafuu mapema. Ukienda soko la St George's, mji mkuu, Jumamosi asubuhi utakuta majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, mihogo, maboga, mbaazi, nazi, mastafeli na maembe. Ndizi mbichi zipo, wao wanaziita fig, huzichemsha na kuzila kwa samaki wa chumvi. Hazilegei kama matoke ya Mbale. Usihangaike kuzifunga kwenye majani ukitegemea zile. Zichemshe na maganda yake, zimenye zikiwa za moto, uzimwagie mchuzi.

Shelisheli sisi wa bara hatulijui sana, lakini kule ndilo chakula. Lililetwa Karibiani mwaka 1793 na nahodha Bligh, Mwingereza, wenye mashamba walipotaka chakula cha bei ya chini cha kulishia watumwa. Chukua lililokomaa ila bado gumu, liweke zima juu ya moto wa kuni au juu ya jiko la gesi, uligeuze mpaka ganda liwe jeusi kote na mvuke uanze kutoka kwenye kikonyo. Liache lipoe kidogo, banua ganda, toa moyo wa katikati, kata vipande. Ndani ni jeupe, lina harufu ya mkate. Watoto wangu walilikataa mwezi wa kwanza, baadaye wakawa wanaligombania na siagi.

Chakula chao cha taifa ni oil down, na mama pasta akijua kukipika heshima inapanda bila mahubiri. Nyama ya chumvi, mara nyingi mkia wa nguruwe, inalowekwa usiku kucha na kuchemshwa ili chumvi ipungue. Kama hamli nguruwe, tumia samaki wa chumvi au kuku wa kuvuta moshi, hakuna atakayekusema. Nyama inakaa chini ya sufuria, juu yake vipande vya shelisheli, ndizi mbichi, karoti, vibonge vya unga, na juu kabisa majani ya majimbi, wanayoyaita callaloo. Tui la nazi lililochanganywa na manjano linamiminwa juu, unafunika, unaacha. Hakuna kukoroga. Kinaiva mpaka tui lote linywewe na mafuta ya nazi yabaki chini. Mwanamke wa Kiganda aliyezoea kupanga matoke yake kwenye sufuria na kuyaacha yajipike kwa mvuke atajiona yuko kwao. Onyo moja: majani ya majimbi yasipoiva sawasawa yanawasha koo, usiyatoe motoni kwa haraka.

Posho utasonga kwa unga wa njano, ni laini zaidi na unataka kusongwa kwa muda mrefu. Wao wanaupika na bamia. Mukene, dagaa wetu wa ziwani, sahau. Badala yake sikiliza kombe la baharini linapopulizwa barabarani, maana wauza samaki wengi wanajitangaza hivyo. Toka na beseni. Vidagaa vyao vya bei nafuu wanaviita jacks, vikikaangwa vikavu vinamtuliza aliyelelewa kando ya ziwa. Maziwa ya unga, mchele, ngano na kuku wa barafu vyote hutoka nje na bei yake inauma, kwa hiyo bajeti ijengwe juu ya samaki na vyakula vya shambani.

Na limeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa wewe lichukue kabla hujapewa. Kipande cha nyuma ya nyumba kikishakuwa na maboga na mihogo, majirani wataanza kusimama kwenye uzio kukufundisha mvua inaanza lini. Kwa ufupi: Januari mpaka Mei ni kiangazi na maji ya bomba huweza kugawiwa kwa zamu, ndiyo maana niliuliza tangi. Juni mpaka Desemba ni mvua.

Salamu, basi na Jumapili

Kusalimu kule si hiari. Ukiingia dukani, kliniki au kwenye basi, salimia wote kwa sauti kabla hujasema shida yako. Jioni ikishaingia unafika mahali na kusema "good night", na ndiyo salamu ya kukaribia. Watoto wafundishwe hili kabla ya jambo lolote. Mtoto wa pasta akipanda basi kimya, habari itafika kanisani kabla yake. Sisi tuliolelewa kupiga magoti tukisalimia hatupati taabu hapo. Wanaopata taabu ni watoto wetu wa mjini.

Mabasi ni magari madogo kama taksi zetu, yana namba za njia kwenye kioo, na stendi kubwa iko St George's. Ukitaka kushuka gonga bodi juu ya kichwa chako, dereva atasimama. Muziki ni mkubwa na mwendo ni wa kumwita Yesu.

Jumapili mabasi ni machache mno. Kwa familia nyingine hilo si neno, kwa familia ya pasta ni balaa, maana yeye ataondoka alfajiri na gari la kanisa, na wewe utabaki na watoto waliovaa soksi nyeupe, hakuna kinachopita. Liwekeni sawa tangu wiki ya kwanza: kuna mzee wa kanisa anayepita njia yenu, au pasta anarudi kuwachukua. Usikubali jibu la "tutaona".

Mwaka wa kwanza kanisani

Wakristo wa kule hawaji nyumbani kwa pasta bila taarifa kama wetu, wanaokuja na kuku saa mbili usiku na kukaa mpaka chakula. Wanapiga simu kwanza. Usidhani wamekukataa. Wengine wataacha maembe au shelisheli mlangoni na kuondoka zao.

Misiba ndiyo itakayokufungulia milango. Matangazo ya vifo husomwa redioni, na mazishi huweza kusubiri wiki hata zaidi ili ndugu wafike kutoka Brooklyn, Toronto na London. Hizo siku zote za kungoja nyumba ya wafiwa ina watu, na mama pasta anayekwenda kukaa, akaosha vikombe bila kuombwa, atajulikana kwa jina lake. Kwa kawaida jina lako litakuwa "mke wa mchungaji" kwa muda mrefu sana.

Kanivali yao, Spicemas, inafika kilele Jumatatu na Jumanne ya pili ya Agosti. Kabla ya alfajiri ya Jumatatu wanatoka Jab Jab: watu waliojipaka mafuta meusi mwili mzima, wana pembe kichwani, wanaburuta minyororo. Mtoto wa kilokole kutoka Busia akikutana nao bila maandalizi atalia wiki nzima. Mweleze mapema asili yake: wazee wao watumwa waliitwa mashetani na mabwana zao, nao wakaivaa ile picha na kuwachekea wale mabwana usoni. Utumwa ulifutwa rasmi tarehe 1 Agosti 1834, na uhuru kamili ukaja 1838, ndiyo maana Agosti ina uzito ule. Pasta atawashwa ulimi kuhubiri. Mshike koti. Agosti ya kwanza anyamaze, asikilize wazee wa kanisa wenyewe wanasemaje, kwa maana makanisa ya kule yana msimamo wake tangu zamani na hayakungoja Mganda aje awaambie.

Jambo la pili la kunyamazia ni mapinduzi. Maurice Bishop alichukua nchi tarehe 13 Machi 1979, akauawa na watu wa upande wake mwenyewe tarehe 19 Oktoba 1983, na siku 6 baadaye majeshi ya Marekani yakaingia. Mwili wake haujapatikana mpaka leo, na uwanja wa ndege mtakaoshukia una jina lake. Kwenye benchi moja la kanisa atakaa anayemlilia Bishop na aliyefungwa wakati wa utawala wake. Sisi tuliokulia Uganda tunajua kuna vikao ambavyo mtu hatamki Amin wala Obote mpaka ajue nani amekaa pale. Tumia akili hiyo hiyo. Na jiandae, Amin watakuuliza, wote, hata mwenye duka.

Shule

Mwaka wao wa masomo unaanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Julai. Wetu unaanza Februari. Kwa hiyo kuna mtoto atakayeruka au kurudia, na ni afadhali uchague wewe kuliko mwalimu mkuu akuchagulie siku ya kwanza. Mtoto wa P7 amalize PLE, mtihani wetu wa kumaliza msingi, Novemba ndipo msafiri. Mtoto aliye karibu na mtihani wao wa kumaliza msingi, CPEA, afike mwanzo wa mwaka wa masomo, maana sehemu ya alama hutoka kwenye kazi anazofanya darasani, ripoti ya kitabu na mradi, na akiingia katikati atakuwa amezikosa. Wadogo waingie wakati wowote.

Kama hakuna mtoto wa mtihani, mimi ningeondoka Uganda mwishoni mwa Desemba. Mtafika kiangazi, mbali na vimbunga na mbali na kanivali, na Februari watoto wataona nchi nzima ikipakwa nyekundu, njano na kijani kwa sherehe za uhuru, hata kingo za barabara na matairi ya zamani. Hapo ndipo gomesi yako itatoka sandukuni.

Homa

Soma hapa mara mbili. Grenada haina malaria. Mtoto akiwaka moto mkono wako utakimbilia Coartem, dawa ya malaria, kwa mazoea, lakini homa ya kule ina uwezekano mkubwa kuwa dengi, na mbu wake anauma mchana. Ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, anazaliana kwenye maji safi yaliyosimama: ndoo, tairi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Mapipa ya maji yafunikwe. Kwa homa toa panado na maji mengi, uende kliniki. Aspirini na ibuprofeni usitoe kabla daktari hajasema, kwa sababu dengi huweza kuleta kutokwa damu.

Ila miezi ya mwanzo mambo ni kinyume. Mnaweza kuwa mmetoka na vimelea vya malaria mwilini, na daktari wa kule anaweza kumaliza miaka bila kuona mgonjwa wa malaria. Hatakuuliza. Mwambie wewe, sentensi ya kwanza, kwamba mmetoka Uganda juzi na mnaomba damu ipimwe malaria.

Bahari

Watoto wa ziwani wanajiona wanajua kuogelea. Upande wa magharibi, kama Grand Anse, maji yametulia. Upande wa mashariki ni Atlantiki, ina mkondo unaovuta, na ufuo ukiwa mtupu bila wenyeji jua kuna sababu.

Hatari nyingine imesimama mchangani inatoa kivuli. Mti wa manchineel una matunda ya kijani yanayonukia vizuri, ukubwa wa pera dogo, na ni sumu. Utomvu wake mweupe unababua ngozi, na mvua ikinyesha, matone yanayodondoka kutoka kwenye majani yanaunguza vilevile. Mingi imepigwa alama nyekundu shinani, si yote. Mtoto wa Uganda akiona tunda chini ya mti huliokota, analipangusa kwenye shati, anakula. Chukua watoto siku ya kwanza ufuoni na mwenyeji, awaonyeshe mti kwa kidole.

Kimbunga: pasta atakuwa wapi?

Msimu ni 1 Juni mpaka 30 Novemba. Grenada iko kusini, vimbunga vingi hupita kaskazini yake bila kuigusa, na zamani watu walizoea kusema Mungu ni Mgrenada. Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga Ivan kikaua watu 39, kikaharibu nyumba karibu 9 katika kila 10 na kung'oa mikungumanga ambayo huchukua miaka kuzaa tena. Mwaka uliofuata kikaja Emily. Tarehe 1 Julai 2024 Beryl kikapiga Carriacou kikiwa daraja la 4, na karibu kila nyumba kule iliguswa.

Kwa hiyo Mei, kabla ya msimu, fanyeni haya. Mwite fundi aangalie paa: mabati yafungwe kwa skrubu, na vyuma vya kushika mbao za paa kwenye ukuta viwepo. Plaiwudi za madirisha zikatwe kwa kipimo, ziandikwe namba kwa rangi, zihifadhiwe kavu. Ukingoja tangazo utazikuta zimeisha dukani. Redio ya betri, tochi, chakula cha kopo, gesi ya akiba. Pesa taslimu ndani ya nyumba, maana umeme ukikatika mashine za benki hazina kazi. Pasipoti, vyeti na vibali vyote ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa, na mfuko huo ujulikane na kila mtu mzima nyumbani. Tangazo likitoka jaza kila chombo maji. Upepo ukinyamaza ghafla katikati ya dhoruba, kaa ndani. Hilo ni jicho linapita, na nusu ya pili inakuja kutoka upande wa pili.

Sasa lile linalowahusu ninyi peke yenu. Makanisa na shule nyingi ni vituo vya kujihifadhi, na orodha hutolewa na NaDMA, shirika lao la maafa. Kama kanisa lenu limo, pasta atakuwa huko na washirika. Kama halimo, bado atapigiwa simu na wajane kumi. Kaeni chini Mei hiyo hiyo muamue: familia inakwenda naye kituoni, au inabaki nyumbani na mtu mzima wa pili anayejulikana kwa jina. Msiliache mpaka bati la kwanza lipige kelele, kwa sababu saa hiyo atajibu kama mchungaji, na wewe utakuwa unauliza kama mama watoto.

Simu na pesa

Uganda iko mbele kwa saa 7. Saa moja jioni ya kule, ukiwa umemaliza kazi na una hamu ya kuongea na mama yako, Busia ni saa nane usiku. Piga asubuhi: saa kumi na mbili alfajiri kwenu ni saa saba mchana nyumbani. Jumapili ibada ya saa tatu inapoanza, huku ni saa kumi jioni, na maombi ya pesa yameshaanza kuingia kwenye WhatsApp.

Dola wanayotumia ni ya Karibiani ya Mashariki, na tangu 1976 dola 1 ya Marekani ni 2.70 ya kwao. Ukisikia mshahara wa pasta, uliza ni dola gani kabla hujamtangazia shemeji. Na ndugu waelezwe mapema kwamba bei za vitu kule zinaumeza mshahara huo, kabla hajatokea wa kuuza shamba akiwategemea ninyi.

Mkikaribia kurudi

Kijana aliyefanya CSEC, mtihani wa sekondari wa Karibiani, matokeo yake yapelekwe UNEB, baraza letu la mitihani, yalinganishwe na ya kwetu, na hilo lianze matokeo yakitoka, msingoje mpaka vyuo vifunguliwe. Barua za shule za kila mtoto ziwe na muhuri.

Na vyandarua. Baada ya miaka bila malaria, kinga mliyoondoka nayo imepungua sana, na mtoto aliyezaliwa kule hana kabisa. Waulize madaktari dawa za kinga kabla ya kupanda ndege, na mpigie shangazi wa Busia afunge neti kwenye kila kitanda kabla hamjatua Entebbe. Atacheka, atasema mmekuwa wazungu. Afunge tu.